Baskeli ya umeme, kilima cha kwetu na maziwa ya mwanangu

Mama zangu, na nyinyi kina baba mnaosoma kimya kimya bila ya kuacha hata salamu, nawaona.

Wiki iliyopita nilitia picha ya baskeli yangu nikiwa natoka kazini, basi simu haikutulia. "Nesi, hiyo umenunua wapi?" "Nesi, haikurushi umeme mvua ikinyesha?" "Nesi, umekosa hata vespa?" Kuna aliyeniuliza kama mume wangu amenikubalia. Nitayajibu yote leo, lakini sitoanzia kwenye baskeli. Nitaanzia kwenye ziwa la kushoto, kwa sababu huko ndiko habari yote ilikoanza. Ni ndefu, tia maji ya chai jikoni kwanza.

(1)

Mnaonifuata tangu zamani mnajua kuwa mimi ni mtu wa Mbweni. Uuguzi nimeusomea hapa hapa, Chuo cha Sayansi za Afya, kabla hakijaunganishwa na SUZA. Siku zile nilikuwa natoka nyumbani kwa miguu, dakika kumi nimefika darasani. Kazi nikaipata mjini, na hapo ndipo nilipojua kuwa Mbweni ni mbali.

Kwa kilomita si mbali. Kutoka kwangu mpaka kazini ni kama kilomita saba. Lakini sisi tunaokaa ndani huku tunajua: kwanza utembee mpaka barabara kuu, na njia yote hiyo inapanda. Halafu usubiri daladala, na asubuhi zinapita zimejaa. Ukipata, umebanwa mlangoni na mkoba wako kifuani. Kurudi ndiyo usiseme. Zamu ya asubuhi nikimaliza, mpaka nifike nyumbani imeshapita saa na nusu, siku nyengine saa mbili.

Nilipokuwa sina mtoto mchanga nilivumilia. Mwaka jana nikajifungua mtoto wangu wa pili. Likizo ya uzazi ikaisha, mtoto ana miezi mitatu, nikarudi kazini.

Sasa nisikilizeni. Mimi ndiye ninayekaa na nyinyi wodi ya wazazi nikawaambia: maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji usimpe. Nimeyasema hayo mara ngapi, hata siwezi kuhesabu. Na mimi huyo huyo, wiki ya tatu tangu kurudi kazini, niliingia nyumbani nikamkuta mama yangu mzazi anampa mwanangu maziwa ya kopo. Hakufanya kosa. Maziwa niliyoyakama asubuhi yalikwisha, mtoto analia, mimi nimekwama Darajani nasubiri gari. Angefanya nini?

Usiku ule nikapata homa. Ziwa la kushoto limevimba, jekundu, la moto, hata kanga ikiligusa naruka. Wenzangu wauguzi mnajua hiyo ni nini. Maziwa yamekaa saa nyingi bila ya kutolewa, yakaziba. (Ikikutokea, usimwachishe mtoto. Endelea kumnyonyesha hata kwenye ziwa hilo hilo, na homa ikikaa siku nzima nenda kituo cha afya.) Nilikaa kitandani nikalia, na maumivu yalikuwa sehemu ndogo tu ya kilio kile. Nililia kwa aibu. Nawafundisha watu jambo ambalo mie mwenyewe limenishinda.

Asubuhi nikamwambia baba watoto: "Ama naacha kunyonyesha, ama naacha kazi." Akanyamaza. Mshahara wangu unalipa kodi ya nyumba, sote wawili tunajua.

(2)

Nyumbani kulikuwa na baskeli. Nyinyi nyote mnazijua, zile za mtumba kutoka Japani, zinashushwa kwenye makontena na kupangwa barabarani: kikapu mbele, keria nyuma, na ubao wa katikati umeinama chini ili mwanamke apande bila ya kunyanyua mguu juu. Wajapani wamezitengeneza kwa ajili ya kina mama hasa. Yetu alikuwa akiitumia baba watoto kwendea sokoni, na matairi yalishalala.

Nikaijaza upepo. Siku ya mapumziko, mapema kabla jua halijawaka, nikatoka nijaribu.

Watu wa bara wanapenda kutucheka kwamba Zanzibar hatuna milima. Kweli, hata Masingini, ambako ndiko juu kabisa Unguja, hakufiki mita 150. Lakini mtu aliyejifungua miezi mitatu iliyopita, anayelala saa nne kwa usiku, hahitaji Kilimanjaro. Kile kipando cha kutoka ndani Mbweni mpaka barabara kuu kilinishinda katikati. Nikashuka, nikasukuma. Kwenda mjini baada ya hapo ni raha, unateremka tu mpaka Kilimani unaona bahari. Kurudi ndiyo kazi: ukishaipa mgongo Kilimani unaanza kupanda kuelekea Migombani na Mazizini, jua la mchana liko utosini, na baibui limekugandia mgongoni. Nilifika nyumbani miguu inatetemeka, nimeketi barazani siwezi hata kumpokea mtoto.

Lakini niliangalia saa. Hata kwa kusukuma, nilitumia dakika hamsini. Daladala ilikuwa inanila saa na nusu.

(3)

Jirani yetu ana kijana aliyesoma mambo ya umeme pale KIST, hapa hapa Mbweni. Alinipita nimeketi barazani namna ile, akacheka kwa adabu. "Dada, hiyo baskeli inataka msaidizi tu. Tuitie mota."

Nikajua ananitania. Akaniletea daftari, akanifanyia hesabu ambayo mpaka leo ninayo. Nakuwekeeni hapa, kwa sababu ndiyo iliyonishawishi.

Mtu wa kawaida, si mwanamichezo, akikanyaga pedeli kwa muda mrefu anatoa nguvu ya kama wati 75 mpaka 100. Mimi na baskeli na mkoba ni kama kilo 95. Kilima kinachopanda mita tano kwa kila mita mia, ukitaka kukipanda kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kinataka wati kama 180. "Umeona, dada? Unachokosa ni wati mia tu. Wewe si mvivu. Ni hesabu haikutimia."

Nilipenda sana hayo maneno. Wiki nzima nilikuwa najilaumu.

Mota ndogo zinazouzwa kwa kazi hii nyingi ni za wati 250. Ni sawa na kupata watu wawili watatu wa kukusukuma. Hiyo wati 250 ndiyo kiwango cha sheria Umoja wa Ulaya kwa baskeli za kawaida za umeme, na mota yao lazima iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Na fikra yenyewe si ngeni: Yamaha walianza kuuza baskeli ya namna hii Japani mwaka 1993, mota inasaidia pale tu unapokanyaga. Leo kina mama wa kule wanapelekea watoto skuli za chekechea, na tangu 2009 sheria yao inaruhusu kubeba watoto wawili wadogo kwa baskeli zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo.

Vitu vyenyewe ni hivi, kwa lugha ya jikoni:

Mota. Inakaa katikati ya gurudumu, mahali pa habu. Unanunua gurudumu zima lenye mota ndani yake. Ziko za aina mbili. Moja ina gia ndogo ndani, nyepesi, ina nguvu kwenye mwendo mdogo. Hiyo ndiyo ya vilima. Nyengine haina gia, nzito, inapenda mwendo wa kasi. Iko na ya tatu inayokaa kwenye pedeli, nzuri zaidi kwa milima mikali, lakini bei yake kubwa na inakula cheni.

Betri. Yangu ni ya lithiamu, volti 36, amp-saa 10. Zidisha: 36 mara 10 ni wati-saa 360. Baskeli yenye mtu anayekanyaga inakula kama wati-saa 10 kwa kilomita, kwenye vilima na uvivu inafika 15. Kwa hiyo betri hii inanipeleka kilomita 24 mpaka 36. Kwenda na kurudi kwangu ni 14.

Kontrola. Ni kijisanduku kinachopima umeme wa kupeleka kwenye mota.

Sensa ya pedeli. Ndiyo inayoiambia kontrola "huyu anakanyaga", msaada unakuja. Ukiacha kukanyaga, unaondoka.

Breki zenye swichi. Ukibana breki, mota inakatika hapo hapo. Usikubali kufungiwa bila ya hizi.

Gharama yote, pamoja na usafiri wa vitu, matairi mapya na ufundi, ilinifika milioni moja na laki moja na kidogo. Huko kwenu itakuwa tofauti, bei zinapanda na kushuka.

(4)

Hapa ndipo nyumba ilipowaka.

Zamu yangu ya mchezo ilikuwa inakuja, kijumbe alishanambia mwezi ujao ni wangu. Ile pesa tulishaipangia tangu mwaka uliopita: friji. Na friji si anasa, ndilo jambo lililonipa taabu. Maziwa ya mama ukiyakama, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa saa nne. Mwezi wa Januari hapa kwetu nani ana chumba chenye nyuzi 25? Kwenye friji yanakaa siku nne. Baba watoto akasema, na alisema kweli: "Friji litamlisha mtoto wakati wewe haupo. Baskeli itamlisha nani?"

Nikamjibu: "Baskeli itanileta mimi."

Hatukusemezana siku mbili. Mama yangu akaingia kati, na yeye kwa upande wake: "Wee mtoto, nesi mzima, watu wanakuheshimu, upite Mazizini na baibui linapepea? Watasemaje?" Nikamwambia, mama, watu wa Jambiani na Paje wanawake wanapanda baskeli miaka yote, nani kawasema? Akasema hao wa shamba. Nikanyamaza, mama ni mama.

Mwisho baba watoto ndiye aliyevunja kimya. Alikuwa amembeba mtoto usiku, mie nimelala kwa uchovu mpaka sikusikia kilio. Akaniamsha, akanipa mtoto, akasema, "Nunua hiyo baskeli. Lakini ukianguka, mie sitaki kusikia." Ndivyo alivyoniruhusu.

(5)

Nikaanguka.

Nitasema ukweli, kwa sababu kuna mtu atasoma hapa aende akafunge mota kesho. Gurudumu lenye mota lilifika, betri ikafika, lakini kipande kimoja kidogo kilichelewa. Ni chuma kama kijiko cha bapa, kinashika ekseli ya mota na kuifunga kwenye foko isizunguke. Kijana akanambia, "Dada, tusubiri hicho." Mie nikasema mtoto hasubiri. Nikamlazimisha. Akaifunga kwa nati tu, akakaza awezavyo, akanionya nisiifungulie nguvu zote.

Siku ya nne, asubuhi, nimo kwenye kipando cha kwetu, nimechelewa. Nikaifungulia nguvu zote. Mota inapolisukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inataka kuzunguka kinyume. Kama hakuna kinachoishika, inaziponyoka nati. Nikasikia tak! Waya ukajisokota ukakatika, gurudumu likalegea kwenye foko, nikalala ubavu. Alhamdulillah ilikuwa kupanda, mwendo mdogo. Ingekuwa mteremko wa Kilimani, hii habari angewaandikia mwengine. Kiwiko kilichunika, goti likavimba. Mpita njia mmoja mzee akanisaidia kuisukuma mpaka nyumbani. "Mwanangu," akanambia, "haraka haraka haina baraka." Msemo nimeusikia tangu nanyonya, siku ile ndiyo nimeuelewa.

Baba watoto hakutaka kusikia, kama alivyosema. Aliosha kiwiko changu na maji na sabuni, akanyamaza kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko kidonda.

Kosa lilikuwa langu. Kijana alinionya. Kipande kile kilipofika, kikafungwa pande zote mbili za foko, na waya mpya ukatiwa. Tukakagua na foko yenyewe: ni ya chuma cha pua, imara. Kama baskeli yako ina foko ya aluminiamu, usitie mota mbele, inaweza kupasuka bila ya kukuonya. Na kila Ijumaa kabla ya kuoga mimi huzikagua nati kwa spana. Dakika mbili tu.

(6)

Sasa ni miezi saba. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kufika saa moja kazini nimeshafika, nimepangusa jasho, nimevaa yunifomu. Kurudi, dakika thelathini, siku ya upepo thelathini na tano. Zamu ikiisha saa nane, saa tisa kasorobo mtoto yuko kifuani. Saa nzima kwa siku imerudi nyumbani kwangu. Ziwa halijavimba tena. Mtoto wangu alimaliza miezi yake sita na maziwa yangu, ukitoa zile siku chache, na sasa anakula uji na ndizi na bado ananyonya. Lile kopo lilibaki nusu, mama alilitilia kwenye chai.

Umeme ninaotumia: kwa siku ni kama wati-saa 140, hazifiki hata robo ya yuniti baada ya kuhesabu unaopotea kwenye chaja. Kwenye tukuza sioni tofauti.

"Na umeme ukikatika?" Swali zuri kwa watu wa hapa. Sisi tulikaa mwezi mzima gizani mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Mwaka 2013 ulipokuja waya mpya mambo yakawa nafuu, lakini umeme wa kukatika saa mbili tatu upo. Jibu ni kuwa betri yangu ikijaa inatosha siku mbili. Na ikiisha kabisa, hiyo bado ni baskeli. Nzito kidogo, lakini inakanyagika. Vespa ikiisha mafuta utafanya nini?

"Mvua je?" Masika nimepanda. Kontrola na viungo vya waya vimefungwa mfuko, mdomo unaangalia chini. Mvua ya juu haina neno. Kinachoharibu ni kupita kwenye dimbwi mpaka maji yakafika katikati ya gurudumu. Dimbwi nisilolijua kina, nashuka. Na hewa yetu ya chumvi inakula viungo, kila mwezi navipangusa na kupaka grisi kidogo.

(7)

Hapa navaa kofia yangu ya uuguzi. Mambo manne, nayo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Moto wa betri. Betri ya lithiamu iliyotengenezwa ovyo, au iliyoanguka, au inayochajiwa na chaja si yake, inaweza kuwaka moto mkubwa kwa dakika chache, na moshi wake ni sumu. New York mwaka 2023 peke yake walikufa watu 18 kwa moto wa betri kama hizi, na mwaka huo huo mji ule ukatunga sheria ya kukataza kuuzwa betri zisizopimwa. Kwangu ni sharti: chaja ni ile ile iliyokuja nayo, inachajiwa mchana, mtu yuko macho, haichajiwi tumelala, inakaa juu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na haikai mlangoni, kwa sababu ikiwaka mtatokea wapi? Ikivimba, ikinuka, ikiwa ya moto kupita kiasi, itoe nje ya nyumba na usiitumie tena. Betri yenye bodi ya kujilinda ndani inagharimu zaidi. Lipa. Na mtoto akiungua, kwa kitu chochote kile: maji safi yanayotiririka, dakika ishirini, halafu hospitali. Dawa ya meno, unga, asali, mafuta, hapana.

Mguu wa mtoto kwenye spoki. Hii tunaiona sana, tena kabla ya habari za umeme. Mtoto amepakiwa kwenye keria kwenda chuoni, miguu inaning'inia, kisigino kinaingia kwenye gurudumu. Ngozi ya kisigino inachanika, na ndani yake mara nyengine mfupa. Kidonda kile kinachelewa kupona. Na mota ikiwepo, gurudumu halisimami upesi. Funga wavu au ubao pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na mahali pa kuwekea miguu. Bila ya hivyo usimpakie. Mtoto asiyefika mwaka usimpakie kabisa, shingo yake haijawa imara kustahamili mitikisiko. Anayepakiwa avae helmeti, na wewe pia.

Baibui na kanga. Baibui refu linaingia kwenye cheni au gurudumu kama mchezo. Baskeli yangu ina kifuniko cha cheni, na mimi nafunga baibui kwa vibanio viwili vya nguo, chini navaa suruali. Mama yangu aliponiona nilivyojifunga akasema, "Kumbe unasitirika." Hajasema zaidi ya hapo, lakini Jumapili iliyopita aliniagiza samaki mjini.

Mwili wako mzazi. Uliyejifungua kwa upasuaji, usipande mpaka daktari akuangalie kidonda na akuruhusu. Hata uliyejifungua kawaida, ngoja wiki sita na uchunguzi wako wa kliniki. Ukipanda halafu damu ikaongezeka, au ukahisi uzito kama kitu kinashuka chini, acha na uje tukuone. Msiseme nesi alisema.

(8)

Sio kwamba kila kitu kimekaa sawa. Zamu ya usiku siendi na baskeli. Njia ina sehemu za giza, na gari za kasi za barabara ya uwanja wa ndege hazitaki kukuona. Siku hizo napanda gari la mwenzangu, tunachangia mafuta. Na friji hatuna bado. Baba watoto ananikumbusha, hasa siku ya joto akitaka maji baridi. Zamu ijayo ya mchezo ni ya friji, nimeahidi, na ahadi ni deni.

Lakini nimefikiri jambo moja. Kule Jinja, Uganda, kuna shirika linaitwa FABIO, lilianza zamani na baskeli za kubebea wagonjwa vijijini, siku hizi lina na za umeme. Walifikiria mgonjwa anafikaje hospitali. Sisi huku tunafikiria dawa, vitanda, madaktari. Nani anafikiria muuguzi anafikaje nyumbani? Mama anayesikia kwangu "mnyonyeshe miezi sita" halafu anapanda daladala mbili kwenda kazini, nimempa agizo, sijampa njia. Siku hizi wodini, kabla ya kumwambia mama chochote, namuuliza kwanza: "Kazi yako iko wapi, na unarudije nyumbani?" Wengine wanacheka. Wengine wanakaa wakanieleza nusu saa.

Basi mwenye swali aulize hapa chini, nitajibu nikitoka zamu. Wa kuulizia betri, ule ujumbe wa kijana wetu nitauomba ruhusa kwake kwanza. Na wewe mama uliye njiani saa hizi, umebanwa mlangoni mwa gari, kifua kimejaa na mtoto anakusubiri: nakujua. Mungu akufikishe salama.

Wiki ijayo inshaallah tutazungumza juu ya kuanza kumpa mtoto chakula, na kwa nini uji wa maji matupu haumjengi. Usiku mwema.